Mtoto Akiuliza, Tumjibuje?

(Mazungumzo ya redio)

 Popote mlipo asubuhi hii, jikoni mkingojea chai ichemke, njiani kwenda shambani, au kitandani kwa ugonjwa, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache.

Leo twataka kuwaza juu ya jambo linalotokea katika kila nyumba yenye watoto. Mtoto anauliza. Anauliza mbona jua halianguki. Anauliza siafu wanaijuaje njia yao gizani. Anauliza mwezi unatufuata kwa nini tukitembea usiku. Tena huuliza hasa wakati ambapo tumechoka, moto umekataa kuwaka, na mbuzi hawajafungiwa. Basi tumjibuje?

Kwanza tukumbuke habari moja katika Injili ya Luka. Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12, Yusufu na Mariamu walimpoteza njiani wakitoka Yerusalemu. Walipomwona siku ya tatu, alikuwa hekaluni kati ya walimu. Wala hakuwa akiwahubiri wazee wale. Alikuwa akisikiliza, tena akiuliza. Nao walimu hawakumfukuza. Hawakumwambia kwamba watoto hukaa nje. Walimpa nafasi, wakazungumza naye, wakastaajabu. Tungefurahi kama kila mtoto wa kanisa letu angewapata watu wazima wa namna ile.

Lakini mara nyingi swali la mtoto hufunikwa kama chungu. Viko vifuniko vitatu. Kifuniko cha kwanza ni ukali: "Nyamaza! Watoto wa siku hizi wana maneno mengi." Cha pili ni uongo: mtu mzima hajui, naye haoni vema kusema hajui, basi anatunga jibu. Cha tatu ndicho kinachotuhusu sana sisi watu wa kanisa, nacho ni jina la Mungu. Mtoto anauliza mvua inatoka wapi, naye anajibiwa, "Ni Mungu," na mazungumzo yamekwisha.

Msitufahamu vibaya. Sisi twaamini kwamba mvua ni ya Mungu. Lakini fikirini hivi. Mtoto akikuuliza chapati inapikwaje, nawe ukamwambia, "Mama ndiye aliyeipika," umesema kweli, ila hujamjibu. Hakuuliza ni nani aliyepika. Ameuliza habari za unga, maji, mafuta na moto. Ukimweleza mambo hayo, hujampunguzia mama yake heshima hata kidogo. Bali mtoto ataanza kuona kazi aliyoifanya mama, naye atashukuru zaidi akila. Ndivyo ilivyo na kazi za Mungu. Anayejua jinsi mvua inavyokuja ana sababu nyingi zaidi za kushukuru kuliko asiyejua.

Sasa twende kwenye maswali yenyewe. Sisi twaongea nanyi kutoka Kivaa, upande wa Masinga katika Machakos, nchi ya jua kali, ya ndengu na mbaazi, karibu na mto Tana. Hapa watoto wana maswali yao, na mengi yanatoka mtoni.

Mtoto mmoja alimwuliza nyanya yake, "Susu, ni kweli umeme unatoka kwenye maji ya Masinga?" Nyanya akajibu kwamba ndivyo wasemavyo. Mtoto akawaza kidogo, kisha akauliza, "Basi maji yakishakamuliwa umeme, mbuzi wakiyanywa watapata nguvu?"

Wengine wangecheka. Lakini tazameni jinsi swali hili lilivyo la akili. Mtoto huyu amewaona watu wakikamua maziwa, amewaona wakikamua asali kutoka kwenye masega. Anajua kwamba kitu kikikamuliwa, hubaki makapi. Ameyachukua anayoyajua akayapima nayo asiyoyajua. Hiyo ndiyo njia ile ile wanayoitumia wataalamu.

Yule nyanya hakusoma sana, lakini alifanya jambo la hekima. Alimwita mjomba wa mtoto, fundi wa baiskeli, wakatengeneza gurudumu dogo kwa vipande vya kibuyu na kijiti. Wakaweka beseni chini, wakamimina maji kutoka juu kwa mtungi. Gurudumu likazunguka. Kisha wakayarudisha maji ya beseni mtungini. Karibu yote yalikuwapo, isipokuwa matone machache yaliyoruka. Mtoto akayaonja. Ladha ni ile ile. Akaambiwa, "Unaona? Gurudumu halikuyanywa maji wala halikuyakamua. Limepata nguvu kwa sababu maji yameanguka."

Ndivyo ilivyo kwenye mabwawa yetu. Ukuta unayazuia maji yakae juu. Yakiachiliwa, yanashuka kwa nguvu na kuzungusha gurudumu kubwa la chuma. Gurudumu hilo linazungusha sumaku kubwa karibu na nyaya za shaba, na sumaku ikipita hivyo karibu na waya, umeme hutembea ndani ya waya. Maji yametoa kule kuanguka kwake tu. Kisha yanaendelea na safari, na kwa kuwa hayakuharibika, yanafanya kazi tena. Bwawa la Masinga lilimalizika mwaka 1981. Maji yakitoka hapo yanafika Kamburu, palipoanza kutoa umeme mwaka 1974, halafu Gitaru, halafu Kindaruma, ambayo ndiyo ya kwanza kujengwa, mwaka 1968, na mwisho Kiambere, iliyomalizika mwaka 1988. Maji yale yale yanatumwa kazi mara tano, kisha yanashuka kupita Garissa mpaka baharini upande wa Kipini. Basi mbuzi na wanywe bila wasiwasi.

Na mtoto akiuliza mto unapata wapi maji hali hapa Kivaa mvua haijanyesha kwa miezi mingi, mwonyesheni upande wa Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mvua inanyesha huko, misitu inaishika, nayo inateremka polepole hadi kwetu. Papo hapo mtoto ameelewa kwa nini mtu wa Kivaa aone uchungu mti ukikatwa kule Nyandarua, mahali asipopajua.

Haya, tuje kwenye swali la pili, ambalo lina hatari ndani yake. Mawingu yamekusanyika mwezi wa Novemba, umeme unamulika, ngurumo inafuata. Mtoto anakimbilia kwa mama yake: "Nini hicho?" Wako watu wanaomjibu kwamba radi inawatafuta waliovaa nguo nyekundu. Mtoto anaamini. Siku nyingine mvua inamkuta njiani akitoka shuleni. Anaivua sweta yake nyekundu, anaikunja, anaiweka ndani ya mfuko, kisha anasimama chini ya mti mrefu akidhani sasa yu salama. Wapendwa, mnaona uongo ulikompeleka? Umemweka mahali pa hatari kuliko pale alipokuwa.

Ukweli si mgumu kuusema. Ndani ya wingu kubwa la mvua, vipande vidogo vya barafu vinagongana vikipeperushwa na upepo, na huko kugongana kunakusanya umeme. Ukizidi, unaruka, ama ndani ya wingu ama mpaka ardhini. Ukiruka ardhini hupenda kupiga vitu virefu: mti, mlingoti, au mtu aliyesimama peke yake mahali wazi. Hewa inapopashwa moto ghafula na umeme ule, hupasuka kwa kishindo, nacho ndicho ngurumo.

Mbona basi mwanga unatangulia na ngurumo inachelewa? Mwambieni mtoto amtazame mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde. Shoka linashuka, na mlio unakuja baadaye. Mwanga unafika kama papo hapo. Sauti inakwenda mwendo wa mita 340 hivi kwa kila sekunde. Kwa hiyo umeme ukimulika, hesabuni polepole: moja, mbili, tatu. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Lakini msingoje hesabu iishe ndipo mkimbie. Ukiisikia ngurumo, radi iko karibu kiasi cha kuweza kukufikia. Ingia ndani ya nyumba, ondoka chini ya mti, toka majini, achana na ua wa waya. Mtoto aliyefundishwa hivyo ana woga wa haki, nao waweza kumwokoa.

Tena liko jambo jingine la kuogopa zaidi. Mtoto hukua. Atafika sekondari, naye atasomeshwa habari za mawingu na umeme. Siku hiyo atajua kwamba lile la nguo nyekundu halikuwa kweli. Je, atasimama hapo? Atajiuliza, "Na yale mengine niliyoambiwa na mama? Na yale ya Kristo?" Maana yote aliyasikia katika kinywa kimoja. Twawaona vijana wengi wakiliacha kanisa, nasi twalaumu shule na mji. Yafaa tulitazame na swali hili: je, kijana huyu aliwahi kudanganywa nyumbani kwa jina la Mungu? Atakayeacha uongo huweza kuutupa pamoja nao na ukweli, kama mtu amwagaye maji machafu bila kutazama kama kijiko kimo ndani ya beseni.

Na kuhusu kumcheka mtoto aulizaye, tusikilize habari ya kijana wa jirani zetu Tanzania. Jina lake Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi katika sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji ya kugandisha. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mpemba akayaweka maziwa yake yangali ya moto. Walipofungua baadaye, yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa yalikuwa hayajaganda. Akauliza sababu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa sekondari ya juu huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akafanyiwa mzaha. Ndipo mtaalamu mmoja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, alipokuja kuwatembelea. Mpemba akasimama akauliza lile lile, na wenzake wakacheka.

Osborne naye aliona swali hilo ni geni. Angeweza kulifunika. Badala yake alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao, mwanafunzi na mtaalamu, waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la wafundishao fizikia. Tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba ulimwenguni kote. Na hata leo wataalamu hawajakubaliana juu yake. Wako wanaotafuta sababu, na wako wanaosema ukipima kwa uangalifu sana hulioni. Swali lililochekwa darasani limewashughulisha watu wenye elimu kubwa kwa zaidi ya miaka 50. Nani basi ajuaye ni swali gani limefunikwa jana jioni katika nyumba yake?

Lakini mzee au bibi anayetusikiliza asiseme, "Hayo ni ya wenye vitabu. Mimi sina la kumwambia mjukuu." La, unalo. Wazee wa Ukambani waliotundika mizinga mitini wanamjua yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Wengine humwita mlembe. Humlilia mtu, huruka mbele kidogo, humngoja, huruka tena, mpaka afike kwenye nyuki. Mtu akipasua asali, ndege naye hupata nta na wana wa nyuki. Mgeni angedhani ni hadithi ya watoto. Mtaalamu mmoja Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walikaa miaka mitatu wakiwafuata warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya, wakapima. Mwaka 1989 walitangaza waliyoyaona. Katika mahali asipopazoea, mtu asiyeongozwa na ndege alitumia karibu saa 9 kulipata kundi la nyuki. Aliyeongozwa alitumia saa 3 na kidogo. Wazee walikuwa wamesema kweli. Basi mfundishe mjukuu uliyoyaona kwa macho yako, nawe mwambie wazi, "Hili niliona," na, "Hili niliambiwa tu." Kutenganisha hayo mawili ni elimu kubwa.

Sasa twaja kwenye swali lililo gumu kuliko yote, ambalo hatuwezi kulipita hapa Kivaa. Mtoto anauliza, "Mbona mvua imekataa?"

Mnakumbuka ukame ule. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikishindwa katika sehemu nyingi kame za Kenya, Somalia na Ethiopia. Mifugo ilikufa. Wakati kama huo watu wazima huketi wakisema, "Ni dhambi za watu." Hawamwoni mtoto aliyelala pale kando, macho wazi. Usiku mmoja mtoto wa miaka saba alimnong'oneza mama yake, "Mama, ni kwa sababu nilichukua ile sukari?"

Wapendwa, tufikiri uzito huo juu ya mabega ya mtoto. Ng'ombe wa baba wamekufa, mama analala na njaa, naye anaamini ni yeye aliyeleta hayo yote kwa kijiko kimoja cha sukari. Hakuwa ameambiwa hivyo na mtu. Alikusanya maneno ya wakubwa akayajumlisha mwenyewe.

Huyo anahitaji majibu mawili, wala moja halitoshi. La kwanza ni la ukweli wa dunia. Mwambieni kwamba mvua yetu nyingi inaletwa na upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu. Katika miaka ile, maji ya juu ya bahari nyingine kubwa, Pasifiki, yalikuwa baridi kuliko kawaida, na jambo hilo huvuruga njia za upepo mpaka huku kwetu. Mawingu yalikosa unyevu. Tena joto la dunia, linaloongezwa na moshi wa viwanda na magari ya ulimwengu, lilikausha udongo upesi zaidi. Hakuna sukari ndani ya habari hiyo. Mtoto atalala.

Jibu la pili ni la moyo. Bwana Yesu alifundisha kwamba Baba wa mbinguni huwapa mvua watu wema na watu wabaya bila kuchagua. Basi mawingu hayatumwi kuhesabu makosa ya watoto. Sukari itazungumzwa kesho, kati ya mama na mwana, nayo itasamehewa. Sayansi imemwambia kwamba si yeye aliyeizuia mvua. Mama anamwambia kwamba anapendwa. Mtoto anataka kuyasikia yote mawili, na vizuri ayasikie kwa mtu mmoja.

Basi tufanye nini juma hili? Mambo manne. Kwanza, sikiliza swali mpaka mwisho, hata kama mikono yako ina unga. Pili, kabla hujajibu, muulize, "Wewe waonaje?" Hapo ndipo utakapoiona ile sukari iliyofichwa. Tatu, jibu kwa ufupi na kwa kweli. Mtoto wa miaka mitano hahitaji hotuba. Nne, usipojua, sema, "Sijui, tutafute." Kuuliza si ujinga, wala kukiri kwamba hujui si aibu. Yuko mwalimu, yuko afisa wa kilimo, yuko mzee wa mizinga, liko beseni na mtungi wa maji. Ila tahadhari: majaribio ya moto na ya umeme yafanyike mkubwa akiwapo, na mtoni mtoto asitumwe peke yake, maana Tana ina mamba.

Mkiogopa kwamba maswali mengi yataharibu imani ya mtoto, someni mwisho wa kitabu cha Ayubu. Mungu alipomjibu Ayubu, alimjibu kwa maswali, tena maswali ya viumbe: habari za mvua na umande, za nyota, za mbuzi wa mwituni wanapozaa, za mwewe anavyoruka. Mungu alimtembeza katika kazi zake akimuuliza moja baada ya jingine. Naye Ayubu akanyamaza, akaweka mkono kinywani. Kama Mwenyezi huyafundisha mambo yake kwa kuuliza, sisi tutawakatazaje watoto?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeweka ndani ya watoto wetu macho ya kutazama na vinywa vya kuuliza, utupe sisi masikio na uvumilivu. Utuepushe na ukali na uongo. Jina lako lisiwe kifuniko mikononi mwetu. Uwakumbuke watoto walalao wakijilaumu kwa mambo wasiyoyafanya, uwape mtu wa kuwaambia kweli. Amina.

Kwaherini wapendwa. Bwana awalinde, nasi tutaonana tena hewani juma lijalo akitujalia.